Sala ya Kuwashia Impala

Kwa muda wa wiki saba Celedonio Archuleta hakutia mguu kwenye gereji ya binti yake, ingawa ilikuwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe, hatua thelathini tu kutoka mlango wa jikoni. Akienda kumwagilia pilipili zake alizunguka kwa mbali, uso kaugeuzia mlimani, kama mtu aliyempeleka ndugu yake chumba cha upasuaji na hataki kusikia neno mpaka daktari atoke. Eloisa, huyo binti fundi, alimwona kila siku kupitia dirishani, na kila siku alicheka peke yake, mikono imejaa grisi.

Ndugu aliyekuwa akipasuliwa ni gari aina ya Impala la mwaka sitini na nne, rangi ya divai. Celedonio alilinunua akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, akalipaka rangi mwenyewe, akalishusha chini hadi likakaribia kuburuza tumbo barabarani, kama yafanyavyo magari yote ya mji wao wa Española yanayojiheshimu. Miaka michache baadaye, mwezi wa Juni, alimpandisha humo msichana aitwaye Prajedes, akampeleka juu mlimani hadi kanisa la Las Trampas, wakafunga ndoa. Baba mkwe alisema mbele ya wageni wote kwamba gari kama lile halitamaliza mwaka. Celedonio naye, aliyekuwa na damu ya moto na bilauri mbili za mvinyo tumboni, akasimama juu ya kiti akaapa kwamba baada ya miaka hamsini atampandisha tena Prajedes mlima uleule, kwa gari lilelile, usukani akiushika yeye.

Baba mkwe alishakufa zamani, lakini miaka hamsini ilifika.

Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza ni goti la kushoto la Celedonio, ambalo sasa lilikuwa la chuma na halikuweza tena kubonyeza klachi. La pili ni gari lenyewe. Kwenye miinuko, katika joto la mwezi wa Juni, petroli ilichemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye injini, na Impala likazimika katikati ya barabara. Kwa maradhi hayo wazee wa huko wana dawa yao: unabana vibanio vya nguo, vya mbao, juu ya bomba la mafuta, vingi kadiri utakavyopata, kisha unaomba Mungu. Kama kweli vilisaidia, hakuna aliyewahi kuthibitisha, na hakuna aliyethubutu kuvitoa. Celedonio alikuwa navyo kumi na kimoja.

"Basi Delfino awapeleke kwa gari letu," Eloisa alisema mwezi wa Aprili. Delfino ni mumewe, na gari lao lina nafasi ya watu wanane na masufuria ya tamales, maandazi ya mahindi yenye nyama na pilipili, ya sherehe.

"Mimi?" Prajedes alikuwa akikanda unga, akaacha. "Nipelekwe kanisani na masufuria ya tamales? Sikiliza, mwanangu. Baba yako aliapa mbele za watu. Asiponiendesha yeye, siendi na mtu. Padri na aje huku, atubarikie kuku."

Celedonio alikuwa akiliangalia goti lake, na macho yake yalikuwa na aibu ambayo Eloisa hakuwahi kuiona kwa baba yake. Ndipo Eloisa alipojikuta akisema kwamba atalitengeneza yeye gari hilo, tena kwa vitu vya kisasa. Baba alikubali kwa masharti: asiguse rangi, asiguse viti, asimguse Bikira Maria wa dashibodi.

Kwa hiyo kabureta ikang'oka. Mahali pake Eloisa aliweka kifaa kinachopuliza petroli kwa kipimo, kwa amri ya kompyuta ndogo iliyojificha chini ya dashibodi. Pampu ya zamani iliyokaa karibu na joto la injini ikaenda kwenye pipa la chuma chakavu, na mpya ya umeme ikazamishwa ndani ya tangi huko nyuma, iyasukume mafuta yakiwa baridi. Giaboksi ya klachi ikatoka, ikaingia ya otomatiki yenye gia nne, propela inayozungusha magurudumu ya nyuma ikakatwa na kusawazishwa upya, na kanyagio la klachi likaondolewa kabisa, mguu wa kushoto upumzike kama bwana mkubwa. Vibanio kumi na kimoja Eloisa aliviosha, akavirudisha kwa mama yake.

"Kumbe!" Prajedes akavihesabu vyote mezani. "Na miaka yote hii namsingizia dada yangu Ninfa kuviiba!"

Jirani yao Onofre alikuja kila alasiri kukagua. Onofre ndiye aliyemshika Eloisa kwenye ubatizo, padrino wake na compadre wa baba yake, kwa hiyo alijiona ana haki ya kumsumbua hadi kufa. Alikuwa na pikapu ya mwaka hamsini na tisa ambayo hata kofia za magurudumu yake zilikuwa zilezile za kiwandani.

"Mwanangu wa ubatizo," alikuwa akisema, akiinamia boneti, "naona mmelitia akili gari. Je, likiwa na akili kumzidi baba yako?"

"Hiyo si kazi ngumu, padrino."

"Siku kompyuta ikiumwa kichwa mtaipa nini? Aspirini?"

"Tutaipa vibanio vyako."

Eloisa alicheka, ila moyoni hakuwa na amani. Kila mtu alijua ni yeye aliyelifumua gari la baba yake. Likipanda mlima, sifa ni za baba. Likikwama, hata mtoto mdogo wa Española angejua aliyelikwamisha. Alilijaribu asubuhi, akalijaribu mchana, akalipandisha hadi Truchas na kurudi jua likiwa utosini, na kila mara aliugusa tu ufunguo likawaka papo hapo, bila hata kukohoa. Alimsihi baba aje angalau mara moja alizoee.

"Siku ya harusi yangu nilifanya mazoezi?" Celedonio alimjibu. "Niache. Nitaliona Jumamosi."

Jumamosi ikafika, mbingu haina hata wingu. Misa ilikuwa saa tano. Kufikia saa tatu ua wote ulishajaa: Delfino na masufuria yake ya tamales, shangazi Ninfa na keki, Onofre na suti ya kahawia iliyokuwa inambana, na majirani waliosema wamepita tu. Celedonio alitoka amevaa viatu vyeusi alivyovipiga rangi mwenyewe mpaka vikaakisi jua. Prajedes alivaa gauni la buluu na kitambaa cha mama yake kichwani. Eloisa aliwaangalia wakishuka ngazi wameshikana mikono, baba akichechemea kidogo.

Wakaingia. Celedonio akamgusa Bikira wa dashibodi kwa kidole. Prajedes akapiga ishara ya msalaba, akaanza kusali kwa sauti kama alivyosali kila safari tangu siku ya ndoa, na Celedonio akatia ufunguo.

Stata ikazunguka. Ikazunguka, ikazunguka, na injini ikawa kimya.

"Polepole, baba," Eloisa akasema. "Rudia."

Akarudia. Stata ikalia na kulia, watu wakaanza kuangalia viatu vyao. Mara ya tatu, vilevile.

"Toka kidogo nijaribu," Eloisa akasema. Alikaa kwenye kiti, akageuza ufunguo. Impala likawaka mara moja, likanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Ua ukashangilia. Celedonio akarudi kwenye kiti chake, lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu zake, akalizima kwanza ili aanze safari yake mwenyewe, na sala yake mwenyewe, kama inavyopasa. Prajedes akasali. Ufunguo ukageuka. Stata ikazunguka bure.

Onofre hakuweza kujizuia. "Compadre! Gari limepata mume mwingine!"

Watu wakacheka, Onofre zaidi ya wote, akishika tumbo. Celedonio hakucheka. Aliutoa ufunguo polepole, akaushika kiganjani, na akaonekana mzee ghafla, mzee kuliko alivyokuwa hospitalini walipomtia lile goti.

"Endesha wewe, Eloisa," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe linakujua. Mimi limenisahau."

"Mimi sishuki na siendeshwi na mwingine," Prajedes akasema, akifunga mkanda kwa kishindo. "Nitakaa hapahapa mpaka Krismasi."

Eloisa alitamani kulia, tena kulia hasa, kwa sauti, kama mtoto. Wiki saba. Alifungua boneti, akagusa waya huu na ule, ingawa alijua hazina kosa. Gari lililowaka kwake na kukataa kwa mtu mwingine halina ugonjwa. Basi kinachotofautiana ni mtu. Akafunga boneti, akaenda upande wa dereva, akapiga magoti kwenye changarawe na suruali yake mpya.

"Baba, fanya tena. Yote, kama ulivyofanya. Mama, sali."

"Unatafuta nini huko chini?"

"Nakuomba, baba."

Celedonio akashusha pumzi. Prajedes akaanza. "Kwa jina la Baba," na kiatu cheusi kinachong'aa kikakanyaga mafuta, kikaachia. "Na la Mwana," kikakanyaga tena, kikaachia. "Na la Roho Mtakatifu," kiatu kikashuka hadi sakafuni, kikabaki pale, kimegandamiza, na ndipo ufunguo ulipogeuka.

Eloisa akabaki na kichwa chini ya usukani, hajui acheke au ajipige kofi.

Hivyo ndivyo kabureta zilivyowashwa. Alijua hilo tangu utotoni, wote walijua: unakanyaga mara mbili kumwagia injini petroli, ya tatu unashikilia, unageuza. Baba na mama yake walikuwa wameugeuza utaratibu huo kuwa sala, mmoja mdomo, mwingine mguu. Lakini kompyuta haikubatizwa. Ikiona mguu umezama hadi sakafuni kabla injini haijawaka, inaamini injini imelowa petroli na dereva anataka kuikausha, kwa hiyo inafunga mafuta yote. Kadiri Celedonio alivyokanyaga kwa imani, ndivyo gari lilivyozidi kumnyima. Naye Eloisa, fundi mkubwa, wiki saba aliwasha gari bila sala hata moja.

Akawaeleza, bado yuko magotini.

"Kwa hiyo nisikanyage," Celedonio akasema.

"Usikanyage kabisa. Mguu uweke kwenye breki."

"Miaka hamsini nakanyaga Baba, Mwana na Roho Mtakatifu." Alimtazama binti yake, na sauti haikuwa ya hasira, ndiyo maana iliuma. "Nilikwambia usiguse rangi, usiguse viti, usimguse Bikira. Sikufikiri nikwambie na sala."

Eloisa akakiondoa kiatu cha baba kwenye mafuta kwa mkono wake. Nyuma yake hata Onofre alinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea ukoo mzima ukiwa umekusanyika.

"Jaribu tu, baba."

Alijaribu. Lakini Prajedes aliposema la Baba, mguu ukaenda wenyewe, kama goti la mtu linavyoruka daktari akiligonga. Stata ikazunguka bure.

"Mama, basi nyamaza kidogo, mara hii moja tu—"

"Nani anyamaze? Nimepanda gari hili na mimba tatu, na barafu, na breki zilizokatika pale Velarde. Sijawahi kupanda bila kusali, leo ndiyo nianze?" Kisha akamgeukia mumewe, akamwangalia kwa muda, na uso wake ukalainika. "Celedonio. Mungu alikuwa na haja gani na mguu wako? Huo mguu una hata sugu. Tumia mkono."

"Mkono vipi?"

"Mimi najua? Muulize fundi."

Na fundi, pale chini kwenye changarawe, akaangalia mkono wa baba yake uliokuwa umeshika ufunguo, na akaona. Akainuka haraka hadi akagonga kichwa kwenye usukani.

"Baba, sikiliza. Geuza hatua moja tu, usifike kwenye stata. Hivyo. Umesikia?"

Huko nyuma, ndani ya tangi, pampu ililia kidogo kama nyuki ndani ya chupa, ikanyamaza.

"Hiyo ni pampu inajaza bomba. Irudishe. Sasa geuza tena. Ukifanya mara tatu mafuta yanajaa vizuri zaidi, hata walioitengeneza hawatakukataza. Ya tatu pitiliza, uwashe."

Celedonio akaondoa mguu wake wa kulia kwenye mafuta, akauweka kwenye breki, akaushikilia kwa mkono wa kushoto kwenye paja kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akamtazama mkewe.

"Kwa jina la Baba," Prajedes akasema. Pampu ikalia.

"Na la Mwana." Ikalia tena.

"Na la Roho Mtakatifu."

Impala likawaka kabla Prajedes hajafika kwenye amina. Shangazi Ninfa akapiga kelele, kuku wakatawanyika, Delfino akapiga honi ya gari lake. Celedonio alikaa tu na mikono yote miwili juu ya usukani, kisha akachungulia dirishani kumtafuta Onofre.

"Compadre! Njoo na hiyo pikapu yako. Ikikufia njiani nitakuvuta."

"Chukua hivi basi." Onofre alichomoa vibanio viwili mfukoni, na kumbe alikuja navyo. "Huwezi kujua."

"Tundikia soksi zako!"

Wakatoka uani, Impala mbele, tumbo karibu na lami, likienda polepole kama linavyopaswa kwenda ili kila mtu alione. Eloisa alikuwa nyuma kwenye gari la Delfino, sufuria ya tamales mapajani, macho hayabanduki kwenye taa sita nyekundu za baba yake. Wakapita Chimayó. Mlima ukaanza. Alihesabu gia kwa kusikiliza tu: ikashuka ya tatu, ikashuka ya pili kwenye kona kali, ikapanda tena. Jua lilikuwa kali, joto la kuchemsha petroli ya kila mtu, na Impala lilipanda tu.

"Pumua," Delfino akamwambia.

"Napumua."

"Hupumui, mke wangu. Tangu Chimayó."

Alianza kupumua karibu na Truchas. Ndipo, kilomita chache mbele, penye kona ambako mfereji wa maji unapita kando ya barabara, taa sita zikawaka nyekundu. Impala likasogea pembeni, likasimama, likazima.

Eloisa aliijua kona hiyo. Kwao inaitwa Kona ya Ndoo. Hapo ndipo Impala lilipozimika siku ya harusi, na likazimika kila mwaka baada ya hapo, na kila mwaka baba alichota maji ya mfereji kwa ndoo akaimwagia pampu huku watoto wakirusha mawe majini. Alimsukumia Delfino sufuria, akachukua sanduku la spana, akakimbia barabarani na viatu vyake vya sherehe, akifikiria waya, fyuzi, pampu, akijilaani kwa kila kitu alichowahi kufungua na kufunga.

Boneti lilikuwa limefungwa. Mlango wa Prajedes ulikuwa wazi, mama amevua viatu, miguu iko nje kwenye majani karibu na maji. Ana empanada mbili, zile sambusa za huko, kwenye kitambaa, moja yake, nyingine anamlisha mumewe kipande kwa kipande ili asichafue shati.

"Limefanya nini?" Eloisa aliuliza, pumzi zimemwishia.

"Nani?"

"Gari, mama! Gari!"

"Gari halijafanya kitu." Prajedes alimfuta Celedonio makombo kidevuni. "Miaka hamsini limetusimamisha hapa lenyewe. Leo likataka kupita, baba yako akasema, hapana, hapa huwa tunasimama."

Celedonio alitafuna, akameza. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hana deni na yeyote duniani.

"Halafu," akasema, "umesimama mbele ya upepo wetu."

"Padri anangoja, baba."

"Siku ile alingoja kwa muda wa saa mbili na nusu. Nenda, mwanangu. Tunakuja."

Eloisa akarudi taratibu na sanduku lake la spana. Kutoka kwenye kiti cha gari la Delfino hakuweza kuisikia pampu, palikuwa mbali. Aliiona tu midomo ya mama yake kwenye kioo cha pembeni ikitamka mara tatu, kisha Impala likatikisika kidogo na kuingia barabarani. Akaanza kulia, naye Delfino akampa kitambaa kilichokuwa karibu, na kitambaa hicho kilikuwa na pilipili ya tamales, kwa hiyo alilia mpaka Las Trampas.